Kioo kilichonila picha 43

Bahasha ilikuwa na picha 62, saizi ya 4 kwa 6, kila moja shilingi 500. Harusi ya binti wa mdogo wangu, tarehe 17 Agosti 2024, hapa hapa Tanga. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo, cheo kisicho na mshahara. Nimepewa kwa sababu nina simu yenye kamera nzuri na laptopu, na kwa sababu watu wanadhani mwalimu wa Jiografia ana muda wa kuchezea. Sikuweza kusubiri nifike nyumbani, nikaifungua bahasha ndani ya bajaji.

Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, bibi harusi ana midomo ya mtu aliyetolewa baharini. Ya nne, shemeji zangu watatu wamesimama na kanzu za rangi ya anga na nyuso za kijivu, utadhani wamelala kwenye friji. Mdogo wangu alipozipokea alizipekua kimya kimya, kisha akaniuliza: "Dada, hawa ni wazima?"

Nikarudi studio nimeshapandisha. Kijana wa mashine akanipa shikamoo yake vizuri, nikamwambia marahaba, lakini leo tutagombana. Hakujibu. Akanigeuzia kioo cha kompyuta yake, akafungua faili lenyewe nililomletea: bluu. "Mashine inatoa inachopewa, Mwalimu," akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenijibu vibaya.

Saa nane mchana niko nyumbani, nafungua laptopu: kweli, bluu. Usiku, saa tatu na nusu, nimemaliza kusahihisha madaftari ya kidato cha pili, nafungua tena faili lile lile: watu wamepona! Ngozi zina uhai, kanzu nyeupe, bibi harusi anang'aa. Nikajisemea hapa kuna kitu si cha kawaida, na Tanga kwetu mtu hasemi hivyo kwa mzaha.

Kilichonitoa gizani ni safu moja ya kwenye folda, ile inayoonyesha siku na saa faili lilipobadilishwa mara ya mwisho. Nikazipanga picha zote 62 kwa saa. Picha 19 nilizozitengeneza Jumamosi mchana zilikuwa nzuri zote. Picha 43 nilizozitengeneza usiku zilikuwa bluu zote. Hakuna hata moja iliyovuka upande.

Mwezi mmoja kabla, mtoto wa kaka yangu alikuja likizo, akaniona nafikicha macho, akanihurumia. Aliingia kwenye mipangilio ya Windows, upande wa kioo, akawasha kitu kinachoitwa "Night light", akakipangia kiwake jua likizama na kizime likichomoza. Kazi yake ni kupunguza mwanga wa bluu wa kioo ili macho yapumzike, kwa hiyo kioo kizima kinaelekea rangi ya chungwa. Mimi nilikuwa naona nyuso zimekuwa za njano mno, nasukuma rangi kuelekea bluu mpaka zitulie, kumbe uso wa njano ulikuwa wa kioo, si wa shemeji. Mpima sukari mwenye mizani mbovu anaweza kuwa mwaminifu kama malaika na bado akawapunja wateja wote.

Ndiyo maana mtu akiniuliza siku hizi atumie programu gani kuboresha picha, namuuliza kwanza kioo chake kikoje. Wengi hawalipendi swali hilo. Wanataka jina la filta.

Kioo changu nilikitengeneza hivi. "Night light" nimeiondoa ratiba, naiwasha mwenyewe nikiwa nasoma, na sigusi picha mpaka niizime. Nimezima pia ule ujanja wa kioo kujipandisha na kujishusha mwanga chenyewe. Mwanga nimeuweka karibu na nusu. Awali nilikuwa napandisha mpaka mwisho, picha zinapendeza ajabu, nikizisafisha zinatoka zimefifia kama zimepigwa magharibi, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake. Sasa napima kwa karatasi nyeupe ya fotokopi: nakaa mbali kidogo na dirisha, mchana, nafungua ukurasa mtupu kwenye kioo, nainua karatasi pembeni yake. Kioo kikiwaka kama taa na karatasi ikaonekana chafu, nashusha. Karatasi ikishinda, napandisha.

Jambo la pili wenye laptopu za mtumba tunalisahau. Laptopu nyingi za ofisini za miaka ile zina vioo vya aina ya TN, ambavyo ukiviinamisha kidogo tu mbele au nyuma, weusi unageuka kijivu na nyuso zinabadilika rangi. Ina maana picha moja ina sura tatu kutegemea umekaaje. Nilichukua protrakta yangu ya ubaoni, nikatafuta pembe ambayo vivuli vinaonekana vizuri, ikatoka kama digrii 110. Nikakata kipande cha boksi kwa pembe hiyo. Nikianza kazi nakisimamisha kati ya kibodi na kioo, kioo kinalala pale pale kila siku. Wanangu wananicheka. Wacheke.

Tena nikaondoa picha ya nyuma ya kioo. Ilikuwa mawaridi mekundu, zawadi ya mwanafunzi, yanameremeta. Jicho likikaa na wekundu mwingi hivyo, kila kitu pembeni linakiona kina ukijani. Sasa nyuma kuna kijivu kitupu, na aikoni zimebaki sita. Kwa uzuri, haina kitu. Kwa kazi, siibadilishi. Maandishi nimeyakuza mpaka asilimia 125, kwa sababu nimefika miaka 47 na sioni haja ya kumdanganya mtu.

Kompyuta yenyewe ni Dell Latitude niliyonunua Kariakoo mwaka 2021, imeshatumika, shilingi 350,000. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, na hadi diski, ghala la mafaili, ile ya kuzunguka, ya GB 500. Ilikuwa nzito kiasi kwamba naiwasha, nabandika maji ya chai, nachuja, namimina, narudi, bado inazungusha vidoti vyake. Kuhariri picha kwenye mashine ya namna hiyo ni kujitafutia presha: unasogeza kitufe, picha inabadilika baada ya wewe kusahau ulichotaka.

Nilishauriwa mengi. Kuna aliyeniambia niweke programu ya kuongeza kasi. Hizo msiweke. Nyingi zinakaa ndani zikila RAM ile ile zilizoahidi kuiokoa, na kila siku zinakutisha kwamba zimeona makosa 300. Kilichosaidia ni vitu viwili vya kushikika. Kwanza SSD, ghala la mafaili lisilo na kitu kinachozunguka, ya GB 240, niliyoipata kwa shilingi 65,000. Hadi ya zamani ina visahani vinavyozunguka na sindano inayokimbia kutafuta data, kama santuri ya mzee. Ikisoma vizuri ni kama MB 100 kwa sekunde. SSD ya waya ule ule wa SATA inafika karibu 500, na haina sindano, kwa hiyo vijifaili vidogo elfu moja haviisumbui. Pili nikaongeza RAM, GB 4 nyingine kwa 35,000. Hapo angalieni: mashine za rika hili zinataka RAM ya aina ya DDR3L. Ukiuziwa DDR4, pengo la katikati halitakubaliana na tundu, na ukilazimisha utavunja. Nenda na ile ya zamani mkononi umwonyeshe muuzaji.

Kufungua nilifungua mwenyewe: betri nje, nikashika chuma cha dirisha kwanza kumaliza umeme wa mwilini, parafujo nikazipanga kwenye trei ya barafu kwa mpangilio niliozitoa. Ndani nilikuta vumbi la pwani, lile lenye unyevu linaloshikamana kama ukoko, limeziba feni. Nilitumia brashi laini ya kupaka rangi, huku feni nimeizuia kwa kidole isizunguke. Siku hizi inawaka kabla sijafika jikoni.

Mnaotaka nafuu isiyo na gharama, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nendeni sehemu ya "Startup", zimeni kila kisicho na sababu ya kuamka pamoja na kompyuta. Kwangu vilikuwa kumi na vitatu. Nimebakiza vitatu.

Fundi mmoja aliniahidi kunipigia Windows 11. Kwa masharti rasmi, prosesa ya Intel inatakiwa iwe kuanzia kizazi cha nane, na kuwe na kitu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, yangu ya kizazi cha nne haimo. Windows 10 iliisha muda wake wa kawaida wa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Nimejiandikisha kwenye ule mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026, na baada ya hapo nahamia Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ambayo nimeshaijaribu kwa fleshi na programu yangu ya picha inafanya kazi humo sawasawa.

Niseme kidogo juu ya lugha, maana niliwahi kuiweka kompyuta nzima kwa Kiswahili. Windows 10 inacho. Nilifurahi wiki mbili, mpaka fundi akaniambia kwa simu nibonyeze mahali fulani, kwa Kiingereza, mimi naona maneno mengine kabisa, tukabaki tunatafutana kama watu kwenye ukungu wa Lushoto. Nikairudisha. Naona haya kidogo, maana tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishashiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosemeshwa Kiswahili, sisi walimu tukaipita kama hatuioni. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili nimeibakiza. Hiyo siwezi kuiacha.

Sasa mafaili. Kila tukio nalitengea folda, jina linaanza na mwaka, mwezi, siku: 2024-08-17 harusi. Ukianza na mwaka, kompyuta inazipanga yenyewe kwa kufuatana miaka yote. Ndani kuna folda mbili, "asili" na "kazi". Kilichomo kwenye "asili" hakiguswi na mtu, hata mimi. Nakopi kwenda "kazi", huko ndiko ninakokata na kupaka. Wale 43 niliwaokoa kwa sababu hiyo tu. Ningehifadhi juu ya picha za asili, harusi ingekuwa imekwisha kabisa. Isitoshe, JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, kila ukiihariri na kuihifadhi upya inapoteza kidogo, kama fotokopi ya fotokopi. Ukiwa bado unafanya kazi, hifadhi kwa aina ya faili ya programu yenyewe, JPEG itoe mwisho, mara moja.

Ndugu wanaotuma picha kwa WhatsApp kisha wanataka zisafishwe kubwa za kuning'iniza ukutani, naomba mnisikilize. WhatsApp ikituma kwa kawaida inaipunguza picha sana ili isile bando. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD, ni nafuu, lakini bado inapunguza. Tuma kama dokumenti. Picha inafika kama ilivyotoka kwenye simu, na tarehe yake ndani. Ni nzito, ndiyo. Sasa mnataka ukutani au hamtaki?

Na fleshi. Kwenye duka moja la kuprinti, silitaji, fleshi yangu ilirudi na ule ugonjwa tunaoujua: folda zote zimegeuka njia za mkato za KB moja moja, za kweli hazionekani. Hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa. Nilifungua dirisha jeusi la amri, nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwa sababu fleshi yangu ilisomeka E, zikajitokeza zote. Nikazikopi, nikafomati fleshi. Tangu siku hiyo madukani naenda na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya adapta yake kubwa, ile yenye kikufuli cha plastiki pembeni. Nikikisukuma kikufuli chini, mashine nyingi zinaweza kusoma kadi lakini haziwezi kuandika kitu juu yake. Na humo naweka nakala za kusafisha tu. Makazi ya picha ni hadi ile ya zamani ya GB 500, niliyoinunulia kasha la USB, na nakala nyingine iko kwa mdogo wangu Muheza, maana maji yakiingia nyumba hii hayatachagua.

Tufike kwenye picha yenyewe. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ya bure, ipo tangu miaka ya tisini. Haina sura ya kuvutia, na siku ya kwanza utaichukia. Mimi kati ya vitufe vyake mia natumia kama vitano.

Chukua picha ya shangazi. Amekaa mlangoni kwa ndani, nyuma yake uwanja unawaka jua la saa saba. Simu imeona mwanga mwingi, ikajizuia, uso wa shangazi ukawa kivuli chenye miwani. Hapo wengi wanakimbilia kuongeza mwanga wote kwa jumla, uwanja unaungua unakuwa mweupe pe, na shangazi anakuwa wa majivu. Mimi nafungua "Levels". Inaonyesha kilima: kushoto weusi mtupu, namba 0, kulia weupe mtupu, 255. Urefu wa kilima ni wingi wa vidoti vya mwanga huo. Picha ya shangazi ilikuwa na vilima viwili na bonde katikati; cha kushoto ni yeye, cha kulia ni uwanja. Chini kuna vipembe vitatu. Vya pembeni sikuvigusa. Cha katikati kinaanza na 1.00, nikakivuta polepole kushoto mpaka 1.40, mashavu yakatoka, mikunjo ya kilemba ikatoka, uwanja ukabaki na majani yake. Kisha nikakirudisha 1.30, kwa sababu shangazi ni mweusi na anapenda weusi wake. Picha iliyong'arishwa mpaka mtu akapoteza rangi yake mimi naihesabu imeharibika, hata ikipata mioyo mia mtandaoni.

Hili la ngozi nyeusi lina historia yake. Zama za filamu, kadi za kupimia rangi ambazo Kodak ilizisambaza kwenye maabara za kusafishia picha zilikuwa na sura ya mwanamke Mzungu, mafundi wakaziita Shirley. Rangi ikikaa sawa kwake, basi imekaa sawa. Sisi wengine tulikuwa tunatoka meno na macho. Watengeneza simu wameanza kulirekebisha, Google ilitangaza juhudi zake za namna hiyo na simu yake ya Pixel 6 mwaka 2021, lakini simu tulizonazo wengi bado zinapima uso wetu kwa kubahatisha. Kwa hiyo usimwachie simu. Gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga, kisha telezesha kialama cha jua juu au chini mpaka ngozi ikae sawa. Sekunde mbili, na zinakuokolea nusu saa ya GIMP.

Rangi sasa. "Levels" ina vidonoo vitatu: cha weusi, cha kijivu, cha weupe. Unachagua kimoja, unabofya mahali unapojua pana rangi hiyo, programu inarekebisha picha nzima kufuata hapo. Nikasema alhamdulillahi, harusi ya Tanga ina kanzu arobaini, weupe umejaa. Nikabofya kanzu ya bwana harusi kwa kidonoo cha weupe. Watu wote wakageuka njano kama wameugua ini.

Nilihangaika jioni nzima. Mwishowe nikacheka peke yangu: buluu! Mama yake ni mtu wa kutia buluu kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia. Kanzu ile haikuwa nyeupe, ilikuwa nyeupe yenye buluu ya kufulia, na programu ikaitii ikasukuma dunia nzima upande wa pili. Isitoshe alikuwa amesimama kivulini, na kivuli cha mchana kinachukua ubluu wa anga. Nikaachana na kanzu, nikachukua kidonoo cha kijivu, nikabofya ukuta wa saruji isiyopakwa rangi nyuma ya jukwaa. Hapo hapo kila mtu akarudi kwao. Tangu siku hiyo, nikiingia ukumbini, kitu cha kwanza ninachotafuta ni saruji.

Mambo mengine ni ya haraka. Futa lenzi, simu iliyokaa jikoni ina mafuta ya maandazi, na ule ukungu unaouona kwenye picha za usiku ndio huo. Natumia pindo la kanga laini, kavu. Jua la saa sita hapa kwetu linasimama utosini, linachimba macho. Mlete mtu kwenye baraza, uso uelekee nje, au ngojeni saa kumi na moja. Zumu ya vidole isikushawishi, tembea. Madoa ya uso ya siku moja, kama chunusi, naondoa. Kovu la kudumu siondoi mpaka mwenyewe aniombe.

Kuna picha moja niliyoiogopa miaka. Baba, kijana, amesimama mbele ya mkonge uliotandikwa kukaushwa, imeandikwa nyuma 1974. Ilikaa kwenye fremu sebuleni mpaka unyevu wa bahari ukaigandisha kwenye kioo. Kaka alitaka kuibandua kwa kisu. Nilimnyang'anya. Picha iliyogandama kioo ukiibandua, sura inabaki kwenye kioo, mkononi unabaki na karatasi. Skana nayo ilikataa, kwa sababu fremu ilizuia kifuniko na mwanga wake ukarudi kwenye kioo ukafanya mstari mweupe kifuani kwa baba.

Nikailaza sakafuni karibu na dirisha la kaskazini, mchana, pazia jepesi, taa zote zimezimwa, flashi imezimwa. Bado nilijiona mwenyewe kwenye kioo, na simu yangu, na dari. Nikachukua buibui la zamani, nikalitandaza juu ya viti viwili nikafanya kama hema juu ya picha, upande wa dirishani nikauacha wazi, nikatoboa tundu dogo la lenzi tu. Weusi wa nguo ukameza dari na mimi. Simu nikaishika sambamba na kioo, nikapiga kumi na mbili, moja ikawa haina hata tone la mng'ao. Kazi iliyobaki ilikuwa doa la kuvu karibu na bega, nililoliziba kwa brashi ya "Heal" ya GIMP, nikikopa mkonge wa jirani. Uso sikuugusa kabisa. Una mikwaruzo miwili, ikae.

Picha zisizogandama, ziskani kwa doti 600 kwa inchi badala ya 300, hasa zile ndogo za pasipoti za zamani, maana ndizo mtakazotaka kuzikuza msibani mtu akishaondoka.

Na kusafisha. Karatasi ya 4 kwa 6 kwa kiwango kizuri cha doti 300 kwa inchi inataka pikseli 1200 kwa 1800 tu. Simu yoyote ya leo inazo na zinabaki. Tatizo si pikseli, ni umbo. Simu nyingi zinapiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ni 3 kwa 2. Lazima kitu kikatwe, na usipokata wewe itakata mashine, nayo haijui kilemba cha shangazi kiligharimu kiasi gani. Nakata mwenyewe kwenye GIMP kwa uwiano wa 3:2, na wakati wa kupiga naacha nafasi juu ya vichwa.

Safari ya pili studio nilipeleka picha tatu tu za majaribio: uso mweusi kabisa, uso mweupe wa kiarabu kidogo, na meza ya chakula. Shilingi 1,500. Kijana akanitolea, tukazipeleka nje kwenye mwanga, tukaziangalia wote wawili. Weusi ulikuwa umezidi kidogo, nikarudi nyumbani nikapandisha kipembe cha katikati kwa zote, kidogo sana, nikamletea 43 zangu kesho yake. Safari hii sikufungua bahasha kwenye bajaji. Nilifungua pale pale kaunta, moja moja, na mteja wa nyuma yangu akaanza kusonya.

Wekundu wa kanga ya mama wa bibi harusi bado haujakubali. Kwenye kioo ni mwekundu wa kanga, kwenye karatasi unaelekea chungwa, na nimeshausumbua mara nne. Aliyewahi kuushinda anielekeze.